Akiba ya Macho: Mwezi wa Mwalimu wa Sanaa

*Mhadhara kwa walimu na wanachuo wa ualimu*



Nimetakiwa niseme mwalimu wa sanaa anapata wapi mawazo. Wanaoliuliza sana swali hili ni walimu vijana, kwa sababu wao ndio wanaosimama mbele ya wanafunzi 50 au 60, wana ubao mmoja, chaki za rangi mbili na kipindi cha dakika 40. Wiki ya kwanza wanasema, "Leo choreni mti." Wiki ya pili, nyumba. Ya tatu, bendera. Ya nne wanarudi kwenye mti. Mwalimu wa namna hiyo si mvivu. Ameishiwa tu. Anatoa kila siku na haingizi kitu.

Hoja yangu ni fupi. Mawazo ya kufundishia yapo kwa mafundi wetu na katika vitu tunavyovishika kila siku, ila tunakosea kile tunachokwenda kukichukua. Kitu chochote kizuri kilichotengenezwa na binadamu ni jibu la tatizo fulani. Mwalimu akilibeba lile jibu akalipeleka darasani, atapata nakala 50 za jibu hilohilo. Akilibeba tatizo, atapata majibu 50, na baadhi yatamshangaza mwenyewe. Kwa hiyo kazi yangu ya kila mwezi ni kutafuta matatizo mazuri.

Nitaeleza kwa kuufuata mwezi wenyewe, na mwezi wa mwalimu mnaufahamu: hauanzi tarehe mosi, unaanza pale mshahara unapoingia.

Mshahara ukiingia

Siku hizo nina ada yangu ya kupita Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, kuangalia kanga mpya. Mara mojamoja nanunua doti. Mara nyingi nazishikashika tu mpaka muuzaji anauliza, "Mama, unachukua au unasoma?" Namjibu kwamba nasoma kwanza.

Kanga sote tunaijua, na kwa kuwa tunaijua hatuiangalii. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yanayokaa juu kidogo ya pindo la chini. Mpangilio huu umedumu. Kule Mombasa, biashara ya Kaderdina Hajee Essak, ambaye wateja walimwita Abdulla, ilianza mwaka 1887, na kanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla" zinatafutwa mpaka leo. Zamani majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja hizi za Kirumi. Maua yamebadilika, korosho zimetoka kwenye mitindo zikarudi, sura za viongozi zimepita. Pindo, mji na jina vimebaki palepale.

Kwa nini vimebaki? Hapo ndipo penye tatizo la mchoraji. Yeye anachora mstatili ulionyooka mezani, lakini hakuna mtu anayevaa mstatili ulionyooka. Kanga itafungwa kiunoni, itatupwa begani, itafunika kichwa, itambeba mtoto mgongoni. Nusu ya mchoro itakunjwa ndani isionekane. Basi lazima ajiulize: kipi kikae wapi ili kanga ibaki kanga hata ikishakunjwa? Pindo linakuwa pana na limekolea rangi, ili popote kitambaa kinapoishia jicho likute mpaka. Jina linakaa chini katikati, ili kanga ikifungwa maneno yatokeze nyuma, na mlengwa ayasome wakati msemaji ameshampita. Wahenga wa kanga walijua kwamba kuna maneno hayasemwi ana kwa ana.

Darasani siwaambii wanafunzi wachore kanga. Nawaambia wajaze karatasi nzima kwa mchoro wowote, kisha waizungushie chupa ya maji, waiweke dirishani na wasimame mbali. Wengi wanakuta lile ua kubwa walilolihangaikia limekatika nusu, na kona walizoziacha tupu ndizo zinazomtazama mtu. Hapo sihitaji kusema "rudia". Wanaomba karatasi nyingine wenyewe, na kazi yangu inabaki kuwaambia karatasi zimekwisha, watumie upande wa pili.

Nauli ya daladala

Mwezi ukifika katikati, manunuzi yanakoma lakini nauli bado ipo. Nakwenda Mwenge, kwenye soko la vinyago, na sikai mbele kwenye meza za kuuzia. Nazunguka nyuma, wanakochonga.

Mchongaji wa Kimakonde anapolishika gogo la mpingo, gogo nalo lina masharti yake. Kiini ni cheusi, lakini chini ya gome kuna ukanda mweupe unaoelekea njano. Kuna ufa hapa, kuna kifundo pale. Nimemtazama fundi akiligeuzageuza gogo muda mrefu, tezo iko chini, hajagusa kitu. Alipoanza, ule ukanda mweupe hakuuondoa wote; aliuacha ukawa ukingo wa nguo ya mwanamke. Zitazameni kazi zile zinazoitwa ujamaa: ukoo mzima unabebana, babu chini, wajukuu juu, na hakuna hata mtu mmoja aliyebandikwa. Wote wametoka katika gogo moja. Ukikosea pua ya mjomba huwezi kuichomoa ukaweka nyingine. Itabidi mjomba awe na sura mpya. Mwisho kabisa ndipo huja msasa na dawa ya viatu ya kung'arishia.

Tatizo la Mwenge, basi, ni kufanya kazi na kitu ambacho kimekwisha kuamua nusu ya mambo. Shuleni nalipeleka hivi: kila mwanafunzi anapewa kipande cha boksi kilichochanika, hakuna kinachofanana na cha mwenzake, na mkasi hauruhusiwi. Umbo ulilopewa ndilo ulilopewa. Vifutio navyo navikusanya.

Kutoka Mwenge kwenda Oysterbay si mbali, na huko kuna historia ambayo kila mwalimu wa sanaa nchini anapaswa kuisimulia vizuri. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha, akafanya kazi za majumbani na vibarua. Karibu na mwaka 1968 akaanza kuchora. Turubai hakuwa nayo, wala rangi za wachoraji. Alichukua hadibodi, akazikata mraba, akatumia rangi ya mafuta, ileile inayopakwa kwenye baiskeli. Kazi zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, hapohapo Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimdhania mhalifu wakampiga risasi, akafa. Miaka yake ya uchoraji haikuzidi vidole vya mkono mmoja, na jina lake sasa ni jina la mtindo unaojulikana duniani.

Sasa tuiangalie rangi yenyewe. Rangi ya mafuta ya kopo ni nzito, inafunika kabisa kilicho chini yake, na inachelewa kukauka. Ukijaribu kuififisha taratibu kutoka giza kwenda mwanga, kama wafanyavyo wenye rangi za maji, inakuwa tope. Fanya nini? Paka usuli wa rangi moja, uache ukauke. Mweke mnyama mmoja mkubwa ajaze ubao. Subiri tena. Kisha juu ya mwili wake weka nukta, mistari, madoa, rangi safi juu ya rangi safi. Uhai wa picha hautoki kwenye kivuli, unatoka kwenye mpangilio wa nukta. Naamini sehemu kubwa ya kile tunachokiita mtindo wa Tingatinga ni majibizano ya mtu mwenye akili na kopo la rangi.

Na hapa ndipo mnapoona gharama ya kuchukua jibu. Tembeeni kwenye vibanda vya watalii mtakuta pundamilia walewale, chui walewale, jua lilelile linazama nyuma ya mbuyu uleule. Wapo wachoraji katika ushirika wa Tingatinga waliolisogeza jambo mbele wakachora vijiji, hospitali na foleni za mjini, na hao nawavulia kofia. Lakini mwanafunzi anayeambiwa "chora Tingatinga" atamchora pundamilia wa kibandani. Mwambie hivi badala yake: una rangi tatu, ni marufuku kuzichanganya, na nataka nimwone mnyama anayepumua. Ameshaingia kwenye tatizo la Tingatinga, na pengine atatoka na kitu ambacho Tingatinga hakukifikiria.

Mara nyingine daladala inanipeleka Kunduchi, kwenye makaburi ya kale yenye nguzo za mawe ya matumbawe. Waliojenga walipachika bakuli za kaure kutoka China kwenye kuta na nguzo zile. Nyingi zimeng'oka na kuacha shimo la duara. Chombo cha kulia kilisafiri bahari nzima, kikafika hapa kikageuzwa kito cha kumheshimu marehemu. Tatizo lake: kitu cha kigeni unakifanyaje kiwe chako bila kukiiga? Hilo ni swali zuri kwa wanafunzi wetu wanaonakili katuni kutoka kwenye simu usiku kucha. Siwakatazi hizo katuni. Nawaomba waniambie watazipachika kwenye ukuta gani wa kwao.

Siku za mwambo

Mwezi ukishawamba, mwalimu hana pa kwenda, na kwangu hizi ndizo siku zenye mavuno mengi.

Barazani kwa jirani yangu kuna bibi mmoja, mzaliwa wa Kilwa, anayesuka ukili. Chane zake za ukindu ameshazitia rangi kwenye sufuria: zambarau, kijani, nyekundu, na nyingine ameziacha na weupe wake. Anasuka ukanda wenye upana wa vidole vichache tu, mrefu mpaka unakunjwa ukawa pete kubwa kando yake. Hapo huoni mkeka. Huoni hata nakshi ya maana. Unaona madoa yanayokuja na kupotea. Mpaka siku anapoanza kuushona ukili ubavu kwa ubavu, doa la mkunjo huu linakutana na doa la mkunjo ule, na umbo kamili linajitokeza katika upana wa mkeka. Muda wote huo alikuwa anapiga soga na kuwakemea wajukuu. Nilimuuliza anajuaje kwamba nakshi zitakutana. Akanijibu, "Mwanangu, hesabu imo vidoleni."

Kujenga kikubwa kutokana na chembamba, huku kile kikubwa hukioni bado: hilo ni tatizo la msukaji, na pia la mjenzi na la mwandishi wa tamthilia. Mimi nimelipeleka kidato cha pili kwa vipande vya magazeti. Kila safu ya madawati inasuka ukanda wake kwa kanuni moja iliyoandikwa ubaoni, kisha kanda zinaunganishwa sakafuni. Safu iliyokosea hesabu inaonekana mara moja, na wenzao ndio wanaowasahihisha.

Tuingie jikoni. Chukua kijiko cha manjano, yale ya mchuzi, koroga na maji kidogo, paka kwenye karatasi nyeupe, acha ikauke. Chovya kijiti chenye pamba kwenye maji ya chokaa, au hata maji mazito ya sabuni ya mche, uchore juu yake. Mstari unageuka mwekundu wa kutu hapohapo, macho yako yanaona. Dondoshea ndimu, unjano unarudi. Mwanamke yeyote aliyewahi kufua shati lenye doa la mchuzi ameuona wekundu huo, akaunung'unikia, hakujua kwamba ni kalamu. Ila picha hiyo usiitundike juani, manjano hupauka upesi. Ihifadhi ndani ya kitabu.

Somo hili halina gharama, na mwalimu wa kemia atakuja mwenyewe kuomba mshirikiane, kwa sababu ameona asidi na besi zikichora maua. Tatizo lililomo ni hili: rangi ina tabia, na mchoraji sharti aijue kabla ya kuiamrisha.

Mkaa wa kuchorea nao hauhitaji duka. Vijiti vyembamba vikavu, vilivyomenywa gome, vinapangwa ndani ya kopo la chuma, kifuniko kinabanwa na kutobolewa tundu dogo kwa msumari, kopo linawekwa motoni. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, ondoa kopo, na usilifungue mpaka lipoe kabisa. Hewa ikiingia mapema utakuta majivu.

Na siku za mwambo ndizo siku za kurudi kwa mabwana wa zamani, kwa picha zilizokatwa kwenye magazeti na vitabu. Ukutani kwangu nimembandika Sam Ntiro. Mzaliwa huyu wa Machame alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, akaendelea Slade, London, akafundisha Makerere, na baada ya uhuru akaiwakilisha Tanganyika mjini London. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Tafakarini: mwalimu wa sanaa aliifikisha mbege New York bila kumwaga hata tone. Watu wa Ntiro kwa kawaida ni wadogo, ni wengi, na wako kazini. Huyu amebeba, yule amepanda, wale wanavuna. Hakuna shujaa aliyesimama katikati akikutazama. Unaichoraje shughuli ya watu wengi bila kumpendelea mmoja? Wape wanafunzi msiba, harusi au mechi ya mtaani, uwaulize hilo.

Furaha zisizodaiwa kazi

Nisieleweke vibaya. Si kila kinachopendeza lazima kiishie kwenye andalio la somo. Mwezi wa Novemba mikrismasi inapowaka wekundu barabarani, mimi naitazama basi. Jioni, muuza kahawa akipita akigonganisha vikombe, nanunua kimoja na kashata, nasikiliza wazee wakibishana kuhusu timu zao, na siandiki chochote. Taarabu redioni wakati wa kukuna nazi, hiyo ni yangu na mbuzi yangu.

Nasema haya kwa sababu nimewaona walimu wenzetu wenye juhudi kupita kiasi. Kila jani wanaliokota, kila kizibo wanakihifadhi, nyumba imejaa maboksi, na nyuso zimechoka. Jicho linaloamrishwa kutafuta faida saa zote hulegea. Mtu akifurahi bila sababu ndipo anapobaki na hamu ya kutazama, na hamu hiyo haifundishwi chuoni wala haikaguliwi na mkaguzi.

Wanayonijibu walimu

Nikisema haya, jibu la kwanza huwa, "Wewe uko Dar, sisi tuko mikoani." Mwalimu wa Kondoa anayesema hivyo ana Kolo mlangoni kwake: michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiorodhesha kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ambayo Mary Leakey alikaa akiinakili mmojammoja mwaka 1951. Watu wembamba warefu kwa rangi nyekundu ya udongo, juu ya jiwe lenye mabonde na matuta. Mwalimu wa Kyela ana vyungu vya akinamama wa Kikisi wa Ikombe. Wa Iringa ana vikapu vya milulu. Na mwalimu wa Tunduru ana udongo uliokanyagwa na Tingatinga mwenyewe. Mcheza kwao hutuzwa.

Jibu la pili ni mtihani. "Mtihani hauulizi ukili." Ni kweli hauulizi. Lakini unauliza mpangilio, uwiano, marudio, ulinganifu, na mwanafunzi aliyeushona ukanda wa karatasi ukakataa kukutana anaijua maana ya marudio kuliko aliyekariri ufafanuzi wake.

Jibu la tatu ni muda. Hapo nina utaratibu mdogo tu. Weka daftari moja, ukurasa mmoja kwa kitu kimoja. Kichore kwanza kwa mkono, hata vibaya, ndipo upige picha kwa simu kama lazima; ukianza na simu, simu ndiyo itakayokuwa imeona. Chini ya mchoro andika: nani hutengeneza hiki, alikuwa anatatua nini, na nitawapa wanafunzi tatizo hilo kwa vifaa gani vilivyopo shuleni. Mwezi ukiisha, chagua ukurasa mmoja upeleke darasani. Mmoja unatosha. Kurasa nyingine zikae, zitapata siku yake.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia na ombi. Walimu wa sanaa tunapokutana tumezoea kuonyeshana picha nzuri za wanafunzi wetu, zilizochaguliwa, zilizofremiwa. Safari nyingine tuache fremu nyumbani, kila mmoja aje na tatizo moja alilolipata kwa fundi wa mahali pake, na aeleze darasa lake lilivyolihangaikia. Tubadilishane. La Pemba lijaribiwe Kondoa, la Kondoa lijaribiwe Tunduru, na tupeane taarifa ni lipi lililozaa na lipi lililododa. Hilo halihitaji bajeti wala barua ya kibali kutoka kwa mtu yeyote, na tunaweza kuanza mwezi huu.